Plasta Kwenye Kioo cha Kompyuta

"Hivi nyumba yenu hii," jirani aliwahi kumuuliza Mama Mlezi kwa juu ya ukuta, pini za kushonea zikiwa bado mdomoni, "mbona ina watoto wengi hivyo na hakuna baba hata mmoja?"

Siku ile Mama Mlezi alicheka, akajibu kwamba ni watoto wa ndugu, akaingia ndani na kukomea mlango. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Na sasa, baada ya yaliyotokea, ndilo lilikuwa jambo la kwanza alilomwambia Sajenti.

"Ni yule mshonaji, nakwambia. Mtu mwema anahesabu watoto wa wenzake ili iweje?"

Sajenti alikuwa amechutama mbele ya geti, akipitisha kidole kwenye bati. Lilikuwa limebonyea karibu na komeo, mahali pamoja tu, pigo juu ya pigo. Aliyepiga hakuwa akitapatapa.

Nyumba ile haikuwa na kibao. Ilikuwa nyumba ya kuwaficha wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito, na kinga yake kubwa ilikuwa kutojulikana. Anayeletwa huletwa kwa gari lenye vioo vyeusi. Ndugu hawaambiwi mtaa, hata mama mzazi haambiwi. Mama Pacha alikuwa amekaa humo na wanawe mapacha kwa amani, mpaka juzi mumewe, Baba Pacha, alipokuja moja kwa moja hadi getini na nyundo mkononi. Mlinzi alilizuia geti kwa toroli na mgongo wake mwenyewe hadi ving'ora vya polisi vikasikika. Mwanamume akatoweka. Mama Pacha akahamishiwa nyumba ya pili, upande mwingine wa mji. Kulipokucha, Baba Pacha alikuwa amesimama nje ya nyumba hiyo ya pili, anamwambia mwanamke aliyekuwa akifagia: "Mwambie ashuke. Najua amelala chumba cha ghorofani." Alipofuatwa, akapotea tena.

Sasa Mama Pacha alikuwa kituo cha polisi, chumba cha nyuma, juu ya godoro, na wanawe. Kituo si mahali pa kulea watoto. Sajenti alikuwa na nyumba ya tatu kichwani mwake na hakumtajia mtu, hata mkubwa wake wa kazi. Lakini mtungi unaovuja hauponi kwa kuhamishwa kona. Kabla ya kumpeleka mama yule popote, ilikuwa lazima ajue tundu liko wapi. Mtu anayekuja na nyundo mara ya kwanza, mara ya tatu haji kuongea.

Alimwita mlinzi. Watu walimwita Kufuli, kwa kuwa asipotaka kufungua, hafungui. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Nani alijua nyumba ya pili?" Sajenti aliuliza.

"Mimi, Mama Mlezi, na dereva wenu. Na mwenye nyumba. Afande, kama unanituhumu sema, nisimame vizuri."

"Kaa tu. Ulifika mwenyewe?"

"Nilibeba magodoro."

"Mkamlaza chumba cha ghorofani."

Kufuli alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mkia wa chura. "Ghorofani ipi? Ile nyumba imejiinamia mpaka nimegonga kichwa mlangoni. Alilala chumba cha nyuma, karibu na jiko. Nyumba ile ngazi yake ni kiti."

Sajenti akamwambia akaweke maji ya moto begani.

Alipotoka getini, Mama Mlezi alimfuata hadi kizingitini akaishia hapo. Tangu juzi alikuwa havuki kizingiti. Gari lililopita barabarani lilibadili gia, na ndani ya nyumba sauti za watoto zikakatika zote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Zilichukua muda kurudi.

*

Mshonaji alikuwa dirishani na cherehani chake, upande unaotazama nyumba ya jirani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na hakuonekana kushangaa.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ni lile swali langu, eh? Mdomo wangu huu."

"Uliuliza kwa nini?"

"Kwa sababu ya kamba ya nguo. Mimi mshonaji, dada. Naangalia kamba za watu kama wewe unavyoangalia nyayo. Kaptula za watoto, magauni, mashuka. Suruali ya mwanamume, hata ya dawa hakuna. Nikauliza. Nikajibiwa uongo, tena uongo wa mtu anayetetemeka, basi nikaelewa. Nikaona, kama mimi nimeona, atapita mwingine mwenye nia mbaya naye ataona."

"Ukamwambia nani?"

"Sogea hapa uangalie."

Sajenti alisogea dirishani. Kwenye kamba ya uani kwa Mama Mlezi, katikati ya magauni, zilining'inia suruali mbili ndefu za kiume, za rangi ya kijivu, zimepauka magotini.

"Za marehemu mume wangu," mshonaji alisema. "Nilimpa Kufuli, nikamwambia kila wakifua azianike. Mama Mlezi nikasema asiambiwe, ataogopa bure. Marehemu, Mungu amrehemu, alipokuwa hai hakuwahi kulinda hata kuku. Sasa ndiyo anafanya kazi."

Midomo ya Sajenti ilicheza kidogo, ikatulia. "Kabla ya juzi, umewahi kumwona mtu akipitapita? Akichungulia?"

Mguu wa mshonaji uliacha kukanyaga cherehani.

"Hakuna. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi nakaa hapa tangu asubuhi mpaka macho yachoke. Yule wa nyundo hakuwahi kuja kupaangalia kwanza. Hakuuliza mtu njia. Hakugeuza shingo huku wala huku. Alikuja kama mtu anayerudi kwake."

*

Ofisi ya Mama Mlezi ilikuwa chumba kidogo chenye meza, kabati la blanketi, picha ya dua ukutani, na kompyuta moja tu, ya nyumba nzima. Pembeni juu ya kioo chake ilionekana picha ya kamera ya getini: bati lililobonyea, na kisogo cha Kufuli. Pembe ya chini, kulia, palikuwa pamebandikwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, imekaa hapo mpaka kingo zake zimekuwa nyeusi.

Sajenti alinyoosha kidole. Msichana mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni na mkate mkononi akamwonya.

"Usiguse hapo. Ina kidonda."

"Nenda ukacheze, mama," Mama Mlezi alimwambia mtoto. Kisha, kwa Sajenti: "Watoto hao."

Sajenti alidhani kioo kimepasuka, akaiacha. Akavuta kiti.

"Sikiliza, Mama Mlezi. Baba Pacha alisema ghorofani. Kufuli amebeba magodoro hadi ndani, asingesema ghorofani. Dereva wetu amefika, asingesema. Mwenye nyumba hawezi kukosea nyumba yake. Mshonaji hajui hata kama kuna nyumba ya pili. Kwa hiyo aliyempa habari hakuiona nyumba. Ameisikia mahali, au ameisoma, na mahali hapo pameandikwa kosa. Nataka kujua kosa hilo ni la nani."

Mama Mlezi alikuwa amesimama. Alishika ukingo wa kabati.

"Ni langu," alisema polepole.

"Sema tena."

"Ghorofani ni kosa langu. Mimi nina tabia moja. Mama akihamishwa, siandiki ujumbe upya. Nachukua ule wa mama aliyetangulia, nabadilisha mtaa na idadi ya watoto, basi. Yule wa kabla alipelekwa nyumba ya ghorofa. Nikabadilisha vyote, hilo nikalisahau. Lakini Sajenti, nililiona! Naandika kwanza kwenye ukurasa wa pembeni. Nikimaliza nanakili, nabandika kwenye ujumbe wa kutuma, nasoma mara ya mwisho, ndipo natuma. Nilipobandika nikaliona lile neno, nikalifuta, nikaandika chumba cha nyuma. Ndivyo ulivyokwenda. Mpigie mwenye nyumba akusomee."

Sajenti alipiga. Mwenye nyumba ya pili akasoma kwenye simu yake: chumba cha nyuma. Alisoma mara mbili.

Kwenye kioo, kisogo cha Kufuli kiligeuka kuangalia kitu barabarani, na Mama Mlezi akashtuka mpaka kabati likalia.

"Kwa hiyo," Sajenti alisema, "lile neno halikutumwa kwa mtu yeyote. Liliishi humu ndani, kati ya kunakili na kubandika, kisha ukaliua. Na bado yule bwana analo."

Wote wawili waligeuka kuitazama kompyuta. Mama Mlezi akavua kitambaa chake cha kichwa, akafunika kioo kama mtu anavyofunika uso wa maiti.

*

Fundi wa kompyuta wa polisi aliitwa Miwani, kwa sababu yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya kichwa na haikuwahi kukaa sawa. Alifunua kile kitambaa bila kuuliza, akafungua hiki, akafunga kile, akiguna.

"Nani anatumia hii programu ya mbali?"

"Ipi?"

"Hii. Ukiibonyeza, unaiona kompyuta ya mahali pengine kwenye kioo chako, unaifanyia kazi kana kwamba umekaa mbele yake."

"Ah, hiyo. Mama Pacha," Mama Mlezi alisema. "Ni mhasibu wa kiwanda cha kaka yake, kiwanda cha uchapaji. Alipokuja hapa kaka akasema asipoteze kazi, afungue kompyuta ya ofisini kutokea popote alipo. Nikaona si vibaya. Hatoki nje, haonekani, na kaka mwenyewe hajui mtaa."

"Si vibaya," Miwani alikubali. "Ila toleo hili ni kikongwe. Waliolitengeneza wametoa masasisho ya usalama mara ngapi sijui, na hapa hakuna hata moja lililoingia. Kompyuta haikuwahi kukudai? Huwa inadai mpaka mtu achoke."

Sajenti akafuata macho ya Mama Mlezi, akaona yameganda kwenye pembe ya chini ya kioo. Akainama, akachomeka ukucha chini ya plasta, akaibandua.

Chini yake kulikuwa na kioo kizima, kisafi kuliko sehemu nyingine zote, na ndani ya kioo kisanduku kidogo chenye maandishi: *Masasisho ya usalama yanasubiri.*

"Mimi ndiye niliyeibandika," Mama Mlezi alisema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Msinihukumu kabla sijasema. Siku moja mashine hii ilijizima yenyewe mchana, ikisema inajisasisha. Kamera ya geti ikazima nayo. Akabisha mtu, akasema analeta mitungi ya gesi. Mlinzi wa wakati ule hakuona uso, akafungua. Alikuwa mume wa mmoja wao. Alimvuta mke wake kwa nywele kutoka jikoni mpaka barabarani, na mimi nimeshikilia mguu wake. Sikumaliza siku ile kabla sijaweka nadhiri. Kwenye nyumba hii, apdeti, hapana. Isijizime tena mtu akiwa getini. Na kwa sababu ile alama kila nikiiona moyo unaenda mbio, nikaifunika."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa shati. "Mama, wahenga walisema asiyeziba ufa—"

"Usiniambie habari za ufa na ukuta, mwanangu. Nimeshaujenga ukuta. Niambie kilichoingia."

"Haya. Watu wanadhani mwizi wa kompyuta ni lazima aje kwako. Huyu hakuja. Alikungoja umwendee." Miwani alivuta kiti karibu. "Ukichungulia nyumba ya mtu kwa dirisha, unadhani ni wewe tu unayeona? Matoleo haya ya zamani yana tundu. Kompyuta ile ya mbali, ile unayoichungulia, ikiwa imeshatiwa sumu, inaweza kukuwekea faili kwenye mashine yako bila kukuuliza. Mama wa watu alifungua kompyuta ya ofisini afanye hesabu zake. Ile ya ofisini ikamrushia kidudu. Tangu hapo, kila kinachonakiliwa kwenye mashine hii, hata anwani ya nyumba hii, nakala yake inakwenda kule. Si kinachotumwa. Kinachonakiliwa."

"Na sasisho lingezuia?" Sajenti aliuliza.

"Tundu hilo limezibwa kwenye toleo la mwaka jana. Ndiyo maana lilikuwa linabisha hodi."

Mama Mlezi aliketi juu ya blanketi zilizokunjwa, mikono juu ya mapaja. Aliyetaka kumlaumu alikuwa amechelewa; alikuwa ameshajilaumu mwenyewe.

"Kidudu bado kipo?" Sajenti aliuliza.

"Kipo, kinasikiliza. Nikifuta na kusasisha sasa hivi, dakika si nyingi—"

"Usiguse."

Mama Mlezi akainua kichwa. "Tundu umeliona, halafu unaliacha wazi?"

"Miwani amesema anasoma kinachonakiliwa. Basi tumwandikie." Sajenti alimsogezea kibodi. "Andika kama unavyoandika siku zote. Kwa mtindo wako, usibadili hata salamu. Mama mmoja, watoto wawili, wanahamishwa leo kabla jua halijazama. Ile nyumba tupu nyuma ya tangi la maji, mlango wa uani, mwenye nyumba ataacha wazi."

Vidole vya Mama Mlezi viligonga herufi zisizo zake, akafuta, akaanza tena. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua chini kwa chini. Alipomaliza alipaka rangi maneno yote kwa kipanya, akasita.

"Na akija na watu?"

"Na sisi ni watu. Nakili."

Akanakili. Hakukuwa na mlio wala mwanga, hakuna kilichobadilika kwenye kioo. Hilo ndilo lililowatisha zaidi, watatu wote.

*

Kituoni, Mama Pacha alikuwa amekaa sakafuni akiwasuka mapacha wake, mmoja baada ya mwingine, ingawa nywele zilikuwa zimeshasukwa. Alisuka na kufumua. Alama ya kidole gumba ilikuwa bado shingoni mwake, imegeuka rangi ya manjano.

Sajenti alichutama. "Kompyuta ya ofisini unayoifungua kutokea mbali, iko chumba gani?"

"Kwa kaka. Chumba chake mwenyewe, na ufunguo anatembea nao. Kwa nini?"

"Kuna mtu mwingine anaifikia?"

"Labda kaka amwingize." Alisimamisha vidole. "Kaka yuko hapo nje. Nilimpigia, amewaletea watoto viatu. Tulitoka peku siku ile. Sajenti, kuna nini?"

"Bado sijui yote. Kaa hapa."

Mlango wa chumba kile haukufungika vizuri. Ulibaki na mwanya wa kidole. Sajenti aliuacha ulivyo.

Kaka mtu alikuwa kwenye benchi la chumba cha mbele, mtu mzima aliyevaa shati lililopigwa pasi, wino umemganda kwenye kucha. Watoto walimwita Mjomba, na kituo kizima kikaishia kumwita hivyo hivyo. Mapacha walikuwa wameponyoka mama yao alipokuwa akiulizwa; mmoja alikuwa amekaa pajani pake, viatu vipya vimeshafungwa kamba. Mjomba alikuwa akimvisha na wa pili.

"Umekuja vizuri," Sajenti alisema, akakaa mkabala naye. "Kompyuta anayoitumia dada yako, imewahi kuharibika?"

"Ilikuwa nzito. Nikaita fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi tu, wa mjini."

"Anaitwa nani?"

"Sikumbuki, afande. Mafundi ni wengi."

"Ulikuwa naye chumbani wakati anatengeneza?"

"Nilimwachia. Nina mashine za kuchapa za kusimamia, siwezi kukaa na kila fundi."

"Baba Pacha anafanya kazi gani?"

Mjomba alifunga kamba ya kiatu. Akaifungua, akaifunga tena.

"Nimekuuliza kazi ya shemeji yako."

"Anatengeneza kompyuta," Mjomba alisema.

Simu ya Sajenti ikalia. Aliisikiliza bila kumwondolea Mjomba macho. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya haraka, na chumba kilikuwa kidogo, kila mtu akasikia. *Tumempata, afande. Mlango wa uani, kama ulivyosema. Amekuja na gari dogo la mizigo, ubavuni limeandikwa jina la kiwanda cha uchapaji. Alikuwa na funguo za gari, hakulivunja. Nyuma kuna ile nyundo. Kuna kamba pia, na turubai jipya, bado liko kwenye nailoni yake.*

"Mshikilieni hapo hapo," Sajenti alisema. Akapiga namba nyingine. "Miwani. Futa kidudu. Sasisha."

Kwenye simu ilisikika sauti ya Mama Mlezi kwa mbali: "Na geti? Ikizima, geti nani ataliangalia?"

"Kufuli ameshatoka nje," Miwani alijibu. "Na yule mshonaji ameleta kigoda chake, amekaa naye. Anasema ana macho mawili na mkasi."

Sajenti akaiweka simu mezani. Mjomba alikuwa ameacha viatu. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi kama karatasi ya kwanza inayotoka mashineni kabla wino haujashika.

"Gari nilimwazima," alisema. "Aliniambia anataka kupeleka samani."

"Leo?"

"Leo."

"Na kompyuta?"

"Alinililia, afande. Mwanamume mzima, amekaa ofisini kwangu analia. Alisema hataki anwani, anataka tu aone mkewe anafanya kazi, ajue yu hai, amwandikie neno la msamaha. Nikaona ndoa ni ndoa. Sisi wazee wetu walivumiliana. Nikamfungulia chumba. Nikamwambia mdogo wangu afanye kazi kwa mbali, asikatike kabisa na watu. Nilitaka wapatane."

"Halafu akaja na nyundo."

"Hilo sikulijua."

"Kabla hajaja hukulijua. Baada ya kuja ulilijua. Juzi dada yako alikupigia, akakueleza habari ya geti. Ulijua basi amepajuaje. Ulikuwa na usiku mzima wa kuja kuniambia, kabla hajaifikia nyumba ya pili. Ulisema nini?"

Mjomba alitazama mikono yake.

"Baada ya nyundo, Mjomba. Ulisema nini?"

"Nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Niliona aibu. Nikasema atatulia. Alirudi kwangu akaapa ametulia, akaomba gari. Nikasema, nikimnyima atajua nimemsaliti, atanigeukia na mimi. Nilimwogopa, afande. Hivi wewe humwogopi?"

"Namwogopa," Sajenti alisema. "Ndiyo maana sikumpa funguo."

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka. Mama Pacha alisimama pale na kichana bado mkononi. Haikuwepo haja ya kumuuliza kama amesikia.

"Mdogo wangu," Mjomba alisema, akanyanyuka nusu. "Nisikilize kwanza. Mimi ndiye nimebaki wa kwenu. Usinifanyie hivyo, usinitazame hivyo. Njoo ukae, tuongee kama watoto wa mama mmoja."

Mama Pacha alikuja. Hakukaa. Alipiga goti mbele ya benchi, akamwinamia mwanawe wa kwanza, akafungua kamba za viatu, akavivua. Akamgeukia wa pili, ambaye alikuwa amevishwa kimoja tu, akakivua. Vile viatu vidogo akavipanga kwenye benchi kando ya kaka yake, jozi kwa jozi, ncha zikitazama ukutani. Mtoto mmoja akaanza kulalamika kwamba ni vyake, amepewa na Mjomba. Akamwekea kidole mdomoni.

Sajenti alisimama, akachukua funguo za gari la vioo vyeusi.

Mama Pacha alimbeba mmoja kiunoni, akamshika wa pili mkono. Alipita mbele ya kaka yake, karibu kiasi cha gauni kumgusa goti, akatoka nje na wanawe, miguu mitupu.